Fyuzi ya Maneaba

"Usiniambie moyo wake umekufa!" Nei Teretia alifoka. "Moyo wa amplifaya! Mlijuana wapi, wewe na huo moyo?"

"Mke wangu, punguza sauti. Watu wanapita."

"Wapite! Wakitaka wakae kabisa, niwachemshie chai!"

Bauro alikuwa amekaa kitako mkekani bandani kwake, kikoi kimempanda mapajani, na mbele yake amplifaya ya maneaba, jumba la mikutano na ngoma la kijiji chetu, imelala chali, tumbo wazi, kama samaki anayengoja chumvi. Alikwishatoa kila skrubu, hata zile ambazo hazikuwa zimemkosea mtu. Jioni ile wageni wa kijiji cha kusini wangeingia maneaba na mashada yao kichwani, wananukia manukato, wamejipaka poda shingoni, tayari kucheza mpaka mikeka itoe moshi. Amplifaya isipowaka wangechezeshwa kwa makofi, na mwaka mzima wangetuimba kwao kwa nyimbo za kutucheka.

Na wazee walishatamka: chombo cha maneaba kikifia mikononi mwa mtu, mtu huyo atatoa nguruwe.

Bauro alikuwa na nguruwe mmoja, tena hakuwa wake. Alikuwa wa Teretia, aliyemlisha nazi kwa mkono wake mpaka mnyama akanenepa hata macho hayaonekani. Mjukuu wao wa kwanza alikuwa atimize mwaka mwezi uliofuata, na hapa kisiwani Nonouti mtoto asiyechinjiwa nguruwe siku hiyo husimangwa mpaka naye aote mvi. Huyo nguruwe sasa alikuwa amefungwa mguu kwenye mti wa mkadi pale nje, anakoroma, hana habari kwamba roho yake inajadiliwa.

Huyu Bauro alikuwa fundi wa namna gani? Ujanani alikwenda kisiwa kikuu cha Tarawa kuwa baharia, bahari ikamkataa, akarudi na bisibisi moja, kifaa cha kulehemu na maringo ya kujaza mtumbwi. Kile kifaa cha kulehemu kilitaka umeme, na umeme hatukuwa nao, kwa hiyo alikipasha kwenye moto wa makumbi. Alipolehemu redio ya mwalimu wa dini, redio ikawa inanuka samaki wa kuchoma, na paka wote wa kisiwa wakaanza kuhudhuria ibada. Siku nyingine alitoa ndani ya spika kaa mkubwa aliyekumbatia waya kama mume aliyerudi safarini. Walimla kaa yule usiku huohuo, na waliomla wanaapa kwamba tumbo liliwaimbia mpaka alfajiri, kila mmoja sauti yake.

Ugonjwa aliokuwa akiutaja kwa kila chombo ulikuwa mmoja: chumvi. Redio haiwaki? Chumvi. Taa ya sola imefifia? Chumvi. Mama mkwe wake alipoumwa goti alisema nalo limeingiwa chumvi, na mkwe huyo hakumsemesha tena mpaka alipozikwa. Betri aliipima kwa kuzigusa ncha zake kwa ulimi, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akatangaza nguvu yake mpaka nukta. Asubuhi ile alikuwa ameilamba betri ya maneaba mbele ya wazee wote, akatikisa kichwa kwa huzuni, na kusema betri nzima ila moyo wa amplifaya umekufa. Wazee nao wakatikisa vichwa. Kisha wakatazama upande wa nyumba yake, alikofungwa nguruwe.

"Umeanzia tumboni," Teretia alisema. "Mtu anaumwa jino, wewe unampasua tumbo. Kwa nini usianzie umeme unapoingilia? Betri nzima, sawa. Waya?"

"Waya mzima. Nimeuwashia taa, ikawaka."

"Swichi?"

"Inabofyeka."

"Na hapa nyuma, hiki kitundu chenye kifuniko cha kuzungusha?"

Bauro akaanza kukohoa. Alikuwa na kikohozi chake maalumu, kisichokuwa na makohozi, cha kutumia siku za matatizo.

"Hicho usikiguse, kina umeme wa kulala. Unaweza kukurusha mpaka baharini."

Teretia akazungusha kifuniko kwa vidole viwili, akatazama ndani, akageuza amplifaya na kuitikisa. Hakikudondoka kitu.

"Bauro."

"Ee."

"Fyuzi iko wapi?"

"Labda chumvi imeila."

"Chumvi imekula kioo na chuma ikabakiza kifuniko? Tazama uso wangu, mume wangu. Umempa nani fyuzi ya maneaba?"

Bauro akakuna goti. Nguruwe akakoroma.

"Binamu Toakai," alisema hatimaye. "Alikuja kuniomba. Taa ya boti yake ilikuwa haiwaki. Aliniomba kwa bubuti, tena mbele ya shemeji zake! Ningefanyaje? Wewe umewahi kusikia wapi mtu wa hapa kakataa ombi la bubuti? Angesema Bauro ana mkono wa ngumi. Watoto wangeimba."

"Ungempa bisibisi! Ungempa hicho kikoi ukabaki hivyohivyo! Umempa kitu ambacho si chako, shemeji zake wakakuona mtu mkarimu, sasa mkarimu ni nguruwe wangu!"

"Nilidhani atairudisha."

"Kitu kilichoombwa kinarudi? Kaombe basi na wewe. Nenda kwa Toakai, kamwombe fyuzi."

"Nimeshakwenda, alfajiri." Sauti ya Bauro ikawa ndogo kama ya mbu. "Hanayo. Na yeye kaombwa."

"Na nani?"

Hapo Bauro alifanya jambo ambalo fundi huyu hakuwahi kulifanya maishani: akaanza kurudisha skrubu mahali pake, moja moja, kwa adabu.

"Nimekuuliza, na nani?"

"Mzee Tekabu. Kaitia kwenye redio yake."

Teretia alikaa chini. Mzee Tekabu ndiye mkubwa wa wazee wa maneaba. Ndiye aliyetamka ile faini. Redio yake hulia kutwa, anasikiliza bei ya nazi kavu na habari za meli, na asubuhi ileile, huku akitikisa kichwa juu ya amplifaya iliyokufa, redio ilikuwa ikimwimbia nyumbani kwa fyuzi ya maneaba.

Kisha Teretia akacheka. Alicheka mpaka kuku wa jirani wakaruka.

"Kwa hiyo mtoza faini ndiye aliyeikalia fyuzi!"

"Hajui ilikotoka. Na nikienda kuiomba atauliza ya nini. Nikimjibu, nguruwe kwaheri. Nisipomjibu, wageni wanafika, nguruwe kwaheri. Nimewaza pande zote, mke wangu."

"Umewaza kwa ulimi, kama unavyopima betri. Nitakwenda mimi."

"Kumwomba fyuzi?"

"Fyuzi baadaye. Kwanza nitamwomba faini."

"Faini haiombwi!"

"Nani kasema? Fyuzi ya kijiji kizima si iliombwa, ikatolewa? Nitamwambia, mzee wangu, kwa bubuti, nipe ile faini ya nguruwe, iwe yangu mimi. Akikataa, yeye mkubwa wa wazee, atakaa wapi kwenye maneaba? Na akishanipa faini, ndipo nitamweleza habari ya redio yake."

"Utaniaibisha!"

"Wewe? Wewe aibu ingekuingia, ungesema ni chumvi."

"Teretia, nakukataza. Mimi ndiye mume wa nyumba hii, na mbele ya wazee nitasema mimi mwe—"

Mtu alikohoa ukingoni mwa banda, kikohozi cha kweli, chenye tumbaku. Mzee Tekabu aliinama chini ya makuti, akaingia, redio kaikumbatia kwapani, bado inaimba, ila kwa mkwaruzo.

"Bauro," alisema, "inakwaruza. Nataka uifungue, nami nitazame."

Bauro akabaki na bisibisi hewani, mdomo wazi. Teretia alikwishautandika mkeka mpya, akaupiga kofi mara moja kumkaribisha mgeni, na kabla magoti ya mzee hayajafika chini, akafungua kinywa: "Mzee wangu, kwa bubuti..."