Nyaya Alizozifukua Polikarpo

Polikarpo alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha mabomba ya plastiki, huko upande wa Barabara ya Pugu, mtu wa maneno ya kuhesabika. Alizaliwa Masasi. Umeme alijifunza bandarini Kurasini, kwa kuwashikia ngazi mafundi wa Kizungu, na walipofunga mizigo yao baada ya Uhuru yeye alibaki na bisibisi yake na kichwa kilichoona mengi. Cheti hakuwa nacho. Mkewe, Eufrazia, alipenda kusema kwamba cheti cha mumewe ni kimoja: alichokifunga hakifumuki.

Ndiyo maana lile la mwaka 1974 lilimkaa rohoni.

Mwaka huo kiwanda, ambacho kilikwisha kuwa mali ya umma, kilipata mashine mpya ya kutengenezea mabomba ya maji. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa kila upande wa nchi, na hakuna kijiji ambacho hakikutaka maji. Mashine ilikuja na kabati refu la chuma ambalo mafundi waliliita draivu. Mota za zamani zilijua mwendo mmoja tu. Ukiwasha zinakwenda, ukizima zinasimama. Kabati hili liliukatakata umeme mara mamia kwa sekunde moja, na kwa njia hiyo mota ikatii: taratibu, haraka, utakavyo. Mtaalamu aliyeletwa kulifunga alishikwa na malaria wiki ya pili, akarudishwa kwao. Meneja, Ndugu Ansbert, Mhaya wa Bukoba aliyependa kazi iende, akamwita Polikarpo ofisini.

"Saba Saba nataka mabomba ya kwanza yawe yameshatoka. Utaweza?"

"Nitaweza, Ndugu Meneja."

Akaweza. Lakini ili awahi, nyaya nene za mota na nyaya nyembamba za vipimo alizilaza pamoja katika mfereji mmoja sakafuni, maana mfereji ulikuwapo tayari, na kuchimba wa pili kungekula siku tatu nzima. Tarehe tano Julai mota ikazunguka, mabomba yakatoka, watu wakampigia makofi. Ndugu Ansbert alimpa mkono mbele ya wote.

Nyumbani kwao Vingunguti, Eufrazia alikuwa akifundisha darasa la watu wazima. Mara mbili kwa wiki, saa kumi alasiri, wanafunzi wake kumi na sita walikusanyika kwenye kibanda cha tawi la chama, redio ikawekwa juu ya kigoda, wakasikiliza kipindi cha elimu kisha wakakijadili. Siku moja mwishoni mwa Agosti, Polikarpo alitoka zamu ya asubuhi akapita hapo, akakuta hakuna anayesikiliza. Redio ilikuwa inanguruma kama mafuta ya kukaangia samaki, sauti ya msomaji ikizama na kuibuka.

"Shikamoo, Bi Auleria," alimwamkia mzee wa darasa, mama mmoja aliyekuwa amejifunza kuandika jina lake mwaka ule ule.

"Marahaba, baba. Tunasikiliza ngurumo. Mwezi wa pili sasa."

"Mmempelekea fundi?"

"Mara mbili," alidakia Eufrazia. "Anasema redio ni nzima. Na mie naona kama ni nzima, maana Jumapili inasema vizuri tu. Hata Jumatano na Alhamisi ya juzi ilisema vizuri."

Polikarpo aliyekuwa ameinama kukizungusha kitufe akanyanyuka. Jumatano na Alhamisi hizo ndizo siku ambazo chembe za plastiki za kuyeyushia mabomba zilikwisha kiwandani, mashine ikasimama. Walipofika nyumbani ndipo alipomwambia mkewe.

"Mama Rosalia, redio yenu haina ugonjwa. Aliyeiharibu ni mie."

"Basi Baba Rosalia," Eufrazia alisema, "aliyeharibu ndiye atakayetengeneza."

Kesho yake baada ya zamu aliazima ile redio ya betri, akatembea nayo kutoka Vingunguti hadi kiwandani. Watu walimshangaa: mtu mzima amebeba redio inayonguruma, tena anasimama, anarudi nyuma, anaingia vichochoroni, anatoka. Alichokisikia kilikuwa wazi. Chini ya nguzo za umeme ngurumo ilikuwa kali. Akiingia vichochoroni hatua hamsini tu, ilififia. Akizifuata nguzo kuelekea kiwandani, ilizidi. Kelele za kabati lake zilikuwa zinatoka nje kwa kupitia waya uleule uliolilisha umeme, zinatembea juu ya nguzo na kumwagikia nyumba za watu.

Ndugu Ansbert alimsikiliza akiwa na kalamu mkononi, hakuiweka chini.

"Ndugu Polikarpo, mabomba yanatoka. Kuna vijiji Rufiji vinanisubiri. Nikizima mashine kwa sababu redio za mtaani zinakwaruza, nitasema nini wizarani?"

"Darasa la watu wazima nalo ni agizo la serikali."

"Ni kweli. Lakini siyo la kiwanda hiki."

Polikarpo alitoka bila kubishana. Hakuwa amekubali, alikuwa anatafuta mlango mwingine. Akilini alijiuliza: kama kelele zimefika Vingunguti, zimeshindwaje kuingia kwenye nyaya za vipimo zilizolala ubavuni mwa nyaya za mota? Akaweka stuli mbele ya mashine, akakaa siku mbili akitazama mshale wa kipimajoto kila alipopata nafasi. Mota ikienda taratibu mshale ulitulia. Ikiongezwa kasi, mshale ulianza kutetemeka, mashine ikadhani plastiki imepoa, ikaongeza moto, kisha ikapunguza, kisha ikaongeza tena. Bomba lililotoka lilikuwa nene huku, jembamba kule. Kwa wiki nyingi mabomba ya namna hiyo yalitupwa pembeni, na lawama zote zilikwenda kwa wauza chembe za plastiki.

Siku ya tatu alizima umeme, akauchomoa waya wa kipimajoto mferejini, akaupitisha juu kwa juu kwenye mbao za paa, akaufunga kwa kamba ya katani, mbali na kila kitu. Akawasha. Mshale ukasimama kama umepigiliwa msumari.

Akakata vipande viwili kwa msumeno, akavipeleka kwa meneja na kuviweka juu ya karatasi zake.

"Hili ni la jana. Hili ni la leo. Plastiki ni ileile, mashine ni ileile. Nilichobadilisha ni njia ya waya mmoja."

Ndugu Ansbert alivigeuzageuza vile vipande, akapitisha kidole gumba ukingoni. Safari hii kalamu aliiweka chini.

"Nani alizilaza nyaya hizo pamoja?"

"Ni mie, Ndugu Meneja."

Polikarpo alijua wapo waliofukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini jibu hakuliongezea sababu wala udhuru.

"Nakupa Ijumaa hadi Jumapili," meneja alisema. "Jumatatu asubuhi mashine izunguke."

Ijumaa alianza na tindo na nyundo. Alichimba mfereji wa pili sakafuni, hatua nzima kutoka ule wa kwanza, viganja vikatoka malengelenge. Mahali ambapo nyaya za aina mbili hazikuwa na budi kukutana, alizipitanisha msalaba, zisitambae pamoja. Zile za mota alizifukua zote, akaziingiza ndani ya bomba la chuma, na bomba akalifunga kwenye ethi, yaani kwenye njia ya kwenda ardhini, huku na huku. Alipofungua kabati akakuta jambo lililomtia aibu zaidi: nati ya waya wa ethi ilikuwa imekaa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Ethi ile ilikuwa ya jina tu. Akaikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, na ule waya mrefu mwembamba akautupa, badala yake akafunga utepe mfupi, mpana, wa shaba iliyosukwa.

Ilibaki njia ya kutokea nje. Jumamosi alikwenda stoo kwa Margareta, mtunza stoo, kuuliza kama palikuwa na kitu chochote kilichokuja na mashine ambacho hakikutumika.

"Lipo sanduku moja," alisema Margareta. "Yule mtaalamu aliondoka kabla hajalidai. Nami sitoi kitu bila hati."

"Andika hati, mie nitie sahihi."

Ndani ya sanduku palikuwa na chujio la umeme la kuzuia kelele zisitoke nje, yaani koili nzito ya waya na vikebe vyake, na mchoro ulioonyesha linakofungwa: pale umeme unapoingia kabatini, kabla ya kitu kingine chochote. Lilikuwa limekaa gizani tangu Juni. Polikarpo aliusoma mchoro mara tatu, akalifunga Jumapili baada ya misa.

Jumatatu mashine ilizunguka. Jumanne saa kumi alasiri alikuwa amesimama nje ya kibanda cha darasa, mikono nyuma. Msomaji alizungumzia kuchemsha maji ya kunywa, na kila neno lilisikika. Chini chini palibaki mnong'ono mdogo. Bi Auleria alisema haumsumbui. Ulimsumbua Polikarpo, aliyeutafuta wiki mbili nyingine hadi akaukuta kwenye mlango wa kabati, uliokuwa umeshikwa na bawaba zilizopakwa rangi, hauna ethi yake. Akauwekea.

Mwaka 1976 zilikuja mashine mbili zaidi. Kwa wakati huo Polikarpo alikuwa msimamizi wa umeme, chini yake yupo kijana mmoja aliyesomea ufundi, Gregori, mwenye cheti na haraka. Asubuhi moja Polikarpo aliingia akakuta Gregori ameshalaza nyaya zote katika mfereji mmoja.

"Zitoe," alisema.

"Mzee, hii kazi ya siku nne. Na meneja anataka—"

"Meneja nitamwambia mie. Zitoe leo, kabla hujazifukia."

Gregori alinung'unika mpaka saa sita. Kisha akamwona mzee amepiga magoti sakafuni, ana chaki mkononi, anamchorea mstari wa mfereji wa pili, na nyundo ameshaiweka kando ya goti lake mwenyewe. Gregori akavua shati, akaichukua ile nyundo.