Mashine ya Boti Niliyoichagua kwa Masikio

Aibu yangu mimi ina mashahidi, tena wengi, na baadhi yao bado wako hai kule Lumino, kwa hiyo hata nikitaka kuipunguza sitaweza, maana mtakwenda kuuliza na mtaambiwa mabaya zaidi. Afadhali mnisikie mwenyewe. Siku moja, kabla hata ya chakula cha mchana, niliwamwagia matope wazee waliokuja kuniposea mke, nikamtumbukiza majini baba yangu mdogo, na yote hayo ni kwa sababu ya mashine ya boti.

Wakati huo Mwingereza bado yuko, nami ni dereva wa lori la pamba, nabeba marobota kutoka Nagongera kwenda Tororo, na mara mojamoja navuka mpaka hadi Kisumu kufuata vipuri vya tajiri wangu. Kijana, kofia nimeilaza upande, najiona hakuna mwingine barabarani. Moyo wangu ulikuwa kwa Zainabu, binti wa Sajini Faraji.

Huyu Sajini niacheni nimsifu, maana sijaona tena mtu wa namna ile. Alirudi kutoka vita vya Bama, ng'ambo ya bahari, na mgongo ulionyooka na maneno machache, na akipita sokoni hata askari wa D.C. walikuwa wanaweka kofia sawa bila kuambiwa. Nyumba yake ilikuwa chini ya Lumino, pale maji yanapotandaa kabla ya kufika ziwani, kina cha magoti, mafunjo na yungiyungi kila upande, na bata mwitu tele. Alikuwa na bunduki ya marisau yenye leseni na boti bapa ya mbao, na alipiga bata kwa utulivu kama mtu anayechuma pilipili bustanini kwake. Hakupiga zaidi ya chakula cha siku ile. Nilimpenda yule mzee karibu kama nilivyompenda binti yake (msimwambie Zainabu).

Sasa, bata akipigwa marisau mara nyingi huanguka akiwa hai, na sisi Waislamu lazima umfikie na kisu kabla hajakata roho, ukichelewa ni kibudu. Walikuwapo masheikh waliomwambia Sajini kwamba akitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua inatosha, yeye akasema hao masheikh na wamle wao, mimi nitamfikia na kisu changu. Na alikuwa na mapatano ya zamani na majirani zake, Wasamia, Wakristo wakulima, mkubwa wao akiitwa Ouma: bata atakayekufa kabla ya kisu ni wao. Kwa hiyo kila Sajini akitoka kuwinda, Ouma na nduguze walikaa ukingoni na mitumbwi yao wakisubiri kwa adabu. Na kwa vile goti la Sajini lilikuwa limeanza kumsumbua na upondo hausukumi tena boti kama zamani, nyumba ya Ouma ilikuwa inanenepa.

Ndipo Sajini akaniita. Akaniambia kwamba mimi ni mtu wa injini, niende Kisumu nikamchagulie mashine, ndogo, nyepesi, ya maji ya magotini, na siku tutakapoijaribu wazee wangu waje wale bata na wapokee jibu la posa tuliyokwisha kupeleka. Mmeona mambo yalivyokuwa. Mimi sikwenda Kisumu kuchagua mashine, nilikwenda kuchagua kuoa au kutooa.

Duka la Kisumu lilikuwa na mashine mbili. Muuzaji, Mhindi mpole, alizitia ndani ya pipa la maji akaziwasha moja baada ya nyingine. Ile ndogo ilikuwa na mguu mfupi na sauti ya mbuzi mwenye kikohozi. Ile kubwa, jamani, mguu mrefu, rangi inang'aa, na ilipopokea moto ilinguruma kama lori jipya linalopanda mlima na mzigo wake, nikasikia raha hadi kwenye meno. Muuzaji aliniuliza maji yetu yana kina gani, nikamwambia, akanionyesha ndogo. Mimi nikacheka. Hesabu yangu ya udereva iliniambia kwamba ikiwa ndogo itamfikisha Sajini kwa bata, kubwa itamfikisha mara mbili. Nikachukua kubwa.

Siku ikafika. Wazee wangu wanajipanga ukingoni, kanzu nyeupe zimepigwa pasi ya mkaa, na baba yangu mdogo Abdalla, msemaji wa posa yetu, mtu mwenye mwili wa kutosha watu wawili, yuko mbele. Nikaifunga mashine nyuma ya boti. Pua ya boti ikainuka juu, nyuma ikataka kunywa maji. Sajini akaitazama mashine, kisha akanitazama mimi. Hapo ndipo ningeomba radhi, tukachukua upondo, mambo yakaisha. Badala yake nikamwomba baba mdogo aje aketi puani awe uzito wa kusawazisha. Akakubali, maskini, kwa sababu ya mapenzi, akaketi na kanzu yake akinitazama kama mtu anayemtazama bwana harusi.

Nikavuta kamba ya kuiwasha mashine. Kelele iliyotoka iliinua bata wote wa Lumino kwa mpigo mmoja, mbingu ikawa nyeusi, na mtu mwingine yeyote angerudi nyumbani. Sajini alisubiri. Palepale ndani ya kelele zangu alisubiri, akaweka bunduki begani, akapiga mara mbili, na bata wawili wakaanguka kwenye yungiyungi wakipiga mabawa, wazima kabisa. Akavuta kisu. "Twende," akasema.

Nikatia moto. Ule mguu mrefu ukaingia kwenye matope, na pangaboi, badala ya kusukuma maji, ikachota tope jeusi la tangu enzi za mababu na kulirusha nyuma, juu, pana, moja kwa moja kwa wazee wangu ukingoni. Mimi sikuona, nilikuwa natazama bata. Nilichoona ni kwamba boti haiendi, na dereva wa lori akikwama hufanya nini? Huongeza moto. Nikaongeza. Nyuma yangu nasikia watu wanaita jina langu, nikadhani wananishangilia.

Kisha majani yakajisokota kwenye pangaboi, mashine ikapiga chafya, ikazima. Nikageuka. Hapakuwa na kanzu nyeupe hata moja. Na mimi (akili zimeshanitoka) nikafanya tena ya lori, nikaruka chini nisukume, nikazama topeni hadi kifuani, nikashika ubavu wa boti nisizame zaidi, boti ikalala upande, na baba mdogo Abdalla akaondoka puani polepole, miguu juu, akiwa bado ameshika kofia yake.

Wakati tunamtafuta baba mdogo, Ouma na nduguze wakapita kando yetu na mitumbwi yao, taratibu, kwa upondo, hawana haraka. Wakawaokota bata. Ouma akamwinulia Sajini mmoja ili aone. Sajini akamtazama, akatikisa kichwa, akarudisha kisu alani. Bata wote wawili walikuwa wamekufa. Baada ya kuifunga boti yetu kamba na kutuvuta nchi kavu, Ouma alikuja kuipapasa ile mashine kama ng'ombe wa mahari.

"Sajini, hii mashine musirudishe," akasema. "Mimi tangu nazaliwa sijaona mashine nzuri kama hii."

Huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kuisifu mbele yangu.

Mchana tulikula ugali na maharagwe. Matope yanakauka kwenye kanzu na kudondoka mkekani, Zainabu yuko nyuma ya pazia na ninajua amesikia yote, na mimi natazama tonge langu nikijua kwamba jibu la posa nimeshalipata. Baba mdogo, akiwa amevaa shuka ya kuazima, hakuweza kuvumilia. Akauliza ni mpumbavu gani aliyechagua mashine kama ile kwa maji kama yale.

Nikafungua mdomo. Sajini akanitangulia.

"Ni mimi," akasema. "Kijana alitaka ndogo. Mimi nalazimisha kubwa."

Nani amwite Sajini Faraji mpumbavu, tena nyumbani kwake, tena mkono uko kwenye sahani yake? Baba mdogo akakohoa, akasema kwamba kwa kweli sauti yake ilikuwa nzuri. Na Sajini, bila kubadilisha uso, akaendelea hapohapo na kusema kwamba posa ameikubali. Nilitaka kulia mbele ya wazee, na sioni haya kusema.

Jioni nilipokuwa napakia mashine kwenye lori Sajini alinifuata.

"Leo mimi nasitiri wewe mbele ya watu," akasema. "Iko siku binti yangu atakosea mbele ya watu, na nyumba itakuwa yako, si yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, baba," nikamjibu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo.

Mashine tuliwapa wavuvi wa ziwani, kwenye maji marefu, wakaipenda sana, na mimi nikarudi Kisumu kufuata ile yenye kikohozi. Tangu hapo sijachagua tena kitu chochote kwa sauti yake, wala redio, wala mwadhini wa kumwombea nafasi msikitini.

Na ile siku aliyoisema ilikuja, tumeshaoana, nimewaita masheikh na tajiri wangu, na Zainabu akaunguza pilau mpaka moshi ukawa ndio kitoweo. Alileta sinia macho chini. Wageni wakaonja, wakatazamana. Nikawaambia wanisamehe, mke wangu alinikataza lakini mimi ndiye niliyechochea moto. Baba mkwe wangu alikuwa ameketi mwisho wa mkeka. Alitafuna, akameza, hakunitazama, akasogeza sahani yake na kuomba aongezewe.