Nta Katika Glasi ya Baba

Kwa miaka mitatu mfululizo, mshumaa wa baba ulizimika juu ya kaburi lake kabla sala haijaisha. Lingekuwa jambo dogo kama aliyeutengeneza asingekuwa mama, ambaye mishumaa yake ya kwenye glasi ilijulikana Iringo yote, mtaa wetu pale Musoma, kwa wenye maduka na kwa masista wa parokia.

Ufundi huo aliupata katika miaka ya foleni, mafuta ya taa yalipopatikana kwa bahati na sabuni kwa kibali. Parokia ilimwachia vipande vya mishumaa vilivyobaki altareni. Baba, aliyekuwa fundi katika kinu cha kuchambulia pamba huko Bunda, alirudi kila mwisho wa juma na tambi za mishumaa alizosokota mwenyewe, na mara nyingine bonge la nta ya nyuki lililofungwa kwa jani la mgomba. Vyombo vilikuwa chochote cha kioo: chupa za jamu, glasi za baa zilizomeguka ukingo. Mshumaa wa wazi haukufaa kitu Musoma. Upepo wa ziwa uliuua mara tu mlango ulipofunguliwa.

Lakini nta na kioo havipatani kirahisi. Nta ikipoa hujikunyata, na kama haikushika kioo barabara, huachana nacho. Kwanza hutokea mabaka meupe, mithili ya unyevu ulionaswa ndani. Baadaye mshumaa mzima hucheza ndani ya glasi kama jino bovu. Ukiuwasha, nta iliyoyeyuka huteremkia kwenye ule mwanya, utambi hubaki bila cha kunywa, na moto hufa kwa njaa. Dawa ya mama ilikuwa moja. Glasi ioshwe kwa majivu na maji ya moto, ikaushwe, ipashwe kando ya jiko hadi iwe shida kuishika, nta imiminwe taratibu, kisha yote ifunikwe kwa blanketi kuukuu ipoe bila haraka.

"Glasi yenye mafuta haishiki nta," aliniambia mara zisizohesabika nilipokuwa mdogo. "Hata alama ya kidole. Osha tena."

Niliosha tena.

Baba alifariki nikiwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, Dar es Salaam. Telegramu ilichelewa, na treni nayo ikachelewa. Nilipofika Butiama, kwao, udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka. Matanga yalipokwisha, ndugu waligawana vitu vyake: koti, baiskeli, redio isiyo na betri. Mama aliomba kitu kimoja tu, glasi yake ya chai, nene, yenye mistari ya kusimama. Hakuna aliyeigombea.

Tangu hapo, kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, tulipanda basi kwenda Butiama tukiwa na mshumaa ndani ya glasi ile. Nami nilifunga safari kutoka chuoni kila ilipowezekana, na ilipowezekana nilikaa na kikapu magotini, nikausikia mshumaa ukigonga kioo katika kila shimo la barabara. Kaburini, katekista alipofika katikati ya litania, moto ulikwisha kufa. Shangazi yangu, dada wa baba, hakuwa mtu wa kunyamazia jambo.

"Wifi! Mishumaa ya watu inawakaga mpaka asubuhi, wa mume wako unazimikaga hata Amina haijafika! Au ulimchoka?"

Watu walicheka kwa kuficha midomo. Mama naye alicheka.

"Kaka yako hakupendaga mwanga, wifi. Si unajua alivyokuwa analala mapema kama kuku?"

Kisha aliiokota glasi, akaifunga katika pembe ya kitenge, tukarudi nayo nyumbani.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nasoma kemia, na niliona aibu kwa niaba yake. Nilijiambia kwamba huenda majonzi yamempotezea ufundi, au kwamba yale mabamba meupe ya nta ya kiwandani, yaliyoanza kuvuka mpaka wa Sirari enzi za ruksa, biashara ya nje ilipofunguliwa, yamemshinda. Hata hivyo, mishumaa aliyowatengenezea wengine haikuwa na baka hata moja. Ukweli huo ulikuwa mbele ya macho yangu. Kama ningeutafakari kidogo, nisingeigusa glasi ile.

Mwaka niliohitimu nilifika nyumbani siku mbili kabla ya safari. Mama alikuwa amekwenda Kitaji kupeleka mishumaa ya watu. Ule wa baba ulikuwa rafuni, tayari. Niliuinamisha kuelekea dirishani: mabaka juu hadi chini. Nikavuta utambi, na mshumaa wote ukatoka mzima, bila ubishi. Ndani, kioo kilikuwa na ukungu, na ukingoni palikuwa na alama hafifu, yenye rangi ya krimu. Niliosha kwa sabuni ya unga, ambayo sasa ilijaa kila duka, nikarudia kwa majivu, kwa heshima ya mwalimu wangu. Nikapasha glasi, nikamimina, nikafunika. Nilijivunia sana.

Mama aliporudi alifunua blanketi. Aliishika glasi kuelekea kwenye mwanga, akaizungusha yote.

"Imeshika," nikasema.

"Imeshika."

Alipitisha kidole gumba ukingoni, akarudia tena, kidole kikasimama mahali pamoja.

"Umeiosha."

"Ilikuwa na mafuta, mama. Ndiyo maana ilikuwa haishiki."

"Najua ilikuwa na mafuta. Nani alikufundisha kwamba glasi yenye mafuta haishiki nta?"

Aliketi. Ndipo nilipoambiwa kwamba asubuhi ya mwisho alimpa baba maziwa ya moto katika glasi ile. Alikunywa nusu, akasema atamalizia. Alama ile ya ukingoni ilikuwa ya mdomo wake. Mama alimwaga yaliyobaki, lakini hakuiosha glasi tangu siku hiyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nina chombo kichafu nimekificha? Wangesikia, wangesema mke gani huyu."

"Sasa kwa nini uliitia nta?"

"Ni glasi yake. Nilitaka na yeye awashiwe. Nilijua utazima." Aliirudisha glasi rafuni. "Nilikuwa nimekubali uzime."

Hakunigombeza. Alinawa mikono, akasonga ugali, akaniita nile kabla haujapoa.

Butiama, moto ulisimama litania nzima. Upepo ulivuma, majani ya mahindi yakalala, mshumaa haukutikisika. Shangazi alipiga vigelegele.

"Haya, wifi! Leo kaka amekuona!"

"Amemwona msomi wake," mama alijibu, akinionyesha kwa kidevu, na wote walinipongeza.

Tulipoondoka ulikuwa bado unawaka. Nilirudi hatua mbili.

"Mama, na glasi? Tusubiri uishe?"

"Iache," alisema, naye hakugeuka. "Hiyo sasa ni glasi tu."

Ndani ya basi nilikaa na kikapu kitupu magotini, hadi Musoma. Kila tulipoingia shimoni nilitega sikio.