Geuka Uone Njia ya Kurudi

Siku ile ingali machoni pangu, mwanangu. Tulikuwa tumetoka Butembo asubuhi, wanawake watupu, kila mmoja na mzigo wa maharagi ya kijiji cha Musienene mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Tulikuwa tunaenda kuuza Beni. Ilikuwa wakati wa vita, nchi imekatwa vipande, kila kipande na wakubwa wake. Kwenye barabara kubwa kulikuwa na bariere, vizuizi vya askari, na mama aliweza kufika pale na mzigo akaondoka na kamba tupu. Basi tulipita njia za porini, nyuma ya vilima. Ramani hakuna. Kibao hakuna. Kulikuwa tu na mama mmoja mzee aliyezijua njia zile toka usichana wake. Jina lake Masika, lakini sisi tulimwita Mukaka, ndiyo bibi kwa Kinande, lugha yetu.

Pale njia ilipogawanyika mara ya kwanza, Mukaka alisimama, akaacha wote wapite, akaningoja mimi niliyekuwa wa mwisho. Akanishika kitenge.

«Weye, geuka.»

«Nigeuke wapi, Mukaka?»

«Nyuma. Angalia kule tumetoka.»

Labda wewe unayesoma hujabeba kamwe kwa paji la uso, sababu vijana wa leo mizigo yenu inabebwa na pikipiki. Ukivaa kamba ile, shingo inafungwa. Huoni mti, huoni mawingu. Unaona udongo na visigino vya mwenzako, basi. Kugeuka si kugeuza kichwa; unageuka mzima, miguu, kiuno na maharagi yote. Nilikuwa nimechoka. Niligeuka nusu nusu, nikarudi haraka.

«Umeona nini?»

«Njia.»

«Njia! Hata mbuzi inaona njia. Angalia tena. Ule muti, wakati tulikuwa tunakuja ulikuwa na majani tu. Ku huu upande uko na kidonda, ganda limetoka. Siku tutarudia, ni kile kidonda utaona, yale majani hautayaona. Njia ya kurudia haifanane na ya kuendea. Weye uko naangalia visigino vya Kahindo toka asubuhi. Siku Kahindo hatakuwa mbele yako, utafuata nani?»

Kahindo alikuwa jirani yangu, mwenye mdomo usiopumzika. Akasema kule mbele, kwa sauti ya kusikiwa na wote: «Mukaka, umuache! Anatafuta bwana mwingine huko nyuma!»

Wakacheka wote. Toka pale, kila njia ilipogawanyika, Mukaka aliita, «Geuka!» na wenzangu waliitika, «Shingo, geuka!» Jina la Shingo likanishika siku ile. Nilimuuliza Mukaka kwa nini mimi peke yangu. Akanijibu bila kunitazama: «Weye ni wa mwisho. Tukikimbia, wa mwisho ndiye anakuwa wa kwanza.»

Nakuelezea habari hii kwa sababu ya mjukuu wangu Kavira.

Mjomba wake alileta ordinateur, kompyuta ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, na mchana panneau ya umeme juu ya paa ikipata jua Kavira anacheza humo mchezo mmoja. Niliudharau mwanzoni. Halafu nikakaa nyuma yake na mboga yangu ya kuchambua, nikaangalia. Ni dunia nzima, mwanangu. Kuna mji, kuna pori, kuna mapango chini ya ardhi. Watu wa mbali wanaingia pamoja: kijana mmoja wa Kisangani anajiita Chuma, msichana wa Goma anajiita Soso, na wanaandikiana pale chini ya picha. Kavira aliniambia mchezo huo ulitengenezwa mama yake akiwa mtoto wa kunyonya. Michezo ya sasa, anasema, ina mshale unaokuonyesha pita huku, pita kule. Huu wa zamani hauna mshale wala ramani. Ukipotea, umepotea. Ukifa ndani ya pango, vitu vyako vyote vinabaki pale ulipoanguka, na wewe unaamka mjini mikono mitupu.

Kuna watu, inaonekana, waliochora ramani yake na kuiweka kwenye internet. Kavira na wenzake hawataki kuiangalia. Wanasema ni haya. Hapo nilianza kuwaheshimu.

Sasa Soso alikuwa amekufa chini kabisa ya pango moja, ameacha huko vitu alivyovitafuta mwaka mzima. Wenzake wakamchagua Kavira awaongoze kwenda kuvichukua, sababu aliwaambia anajua njia. Na kweli alijua. Aliwafikisha chini, wakavichukua vitu. Kurudi, akasimama mbele ya mashimo yanayofanana, hajui hata moja. Wenzake waliandika mpaka vidole vikawaka. «Kavira, tunakufa sababu yako!» «Ulisema unajua!» Wakafa wote, na vitu vya Soso vikabaki kule kule pamoja na vya kila mtu. Kavira akafunga machine, akaweka kichwa juu ya meza, akasema hataingia tena humo, anaona haya.

Nilimuuliza neno moja tu: «Wakati wa kwenda, uligeuka?»

Hakunielewa. Basi nikamwambia kilichotupata, kama ninavyokuambia wewe.

Beni tuliuza maharagi vizuri. Tukanunua chumvi na mafuta ya mawese. Mimi nilikuwa na haraka kuliko wote. Nilikuwa nimeacha mtoto wa kunyonya kwa mama yangu Butembo, na maziwa yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, yanalowesha blauzi. Asubuhi tulipokuwa tunafunga mizigo, risasi zikaanza upande wa barabara. Nani alikuwa anampiga nani, sijui mpaka leo. Tulikimbilia porini na mizigo yetu, Mukaka mbele, sisi nyuma, mafuta yanamwagika shingoni.

Tulikuwa tumeshaingia ndani sana wakati mzigo wa Kahindo ulipogonga tawi la chini. Ndani ya tawi lile kulikuwa na nyuki. Walitushukia wote, lakini Mukaka ndiye alirudi kumvuta Kahindo, na nyuki wakamvaa yeye uso mzima. Tulipofika mbali nao, tukamtazama. Uso ulikuwa umejaa kama bugali kwenye chungu. Macho yote mawili yamefungwa. Nyuma yetu risasi, mbele yetu pori, na macho pekee yaliyoijua njia hayaoni.

Kahindo akaanza kulia. «Ni mimi nimemuua Mukaka. Sasa tutapita wapi?»

«Sijakufa,» Mukaka akasema, na midomo yake haifunguki vizuri. «Shingo yuko wapi?»

«Niko hapa.»

«Kuja mbele. Nipe mzigo wako niushike.»

Akashika kamba ya mzigo wangu kwa nyuma, nami nikatembea. Nakuambia kweli, moyo ulikuwa unanipiga mpaka kwenye meno. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, sikumaliza hata shule ya primaire, na nyuma yangu kulikuwa na mstari wa wanawake ambao kila mmoja alikuwa na watoto wanaomngoja. Nikikosea, tunaangukia mikononi mwa askari, ama tunazunguka porini mpaka nguvu ziishe, na mtoto wangu anajifunza kunywa uji kabla ya wakati.

Tukafika pale njia ilipogawanyika. Mukaka akauliza, «Unaona nini?»

Nikaona mawe mawili. Wakati wa kwenda yalikuwa mawe tu. Lakini nilipogeuzwa pale, niliyaona yameegemeana kama mama anayempakata mtoto, na nilikuwa nimemfikiria mtoto wangu. Yalikuwa pale vile vile, yamepakatana.

«Naona mama na mutoto.»

«Pita kwao.»

Tukapita. Penye mto mdogo nilikumbuka kwamba nilipogeuka niliyaona maji yanang'aa kati ya migomba miwili iliyoachwa na watu waliokimbia. Tukapita katikati ya migomba. Penye kilima, nilikumbuka mlima mwingine mdogo unaochungulia nyuma yake kama mtu nyuma ya mlango. Tukaufuata. Kila mahali Mukaka anauliza, «Unaona nini?» nami namwambia, naye anasema, «Eeh,» kama mwalimu anayesikiliza somo.

Halafu tukafika mahali palipokuwa na njia mbili, moja pana, inayokanyagwa, nyingine nyembamba ya kupita mtu mmoja. Hapo Kahindo alikuwa amepata mdomo wake tena.

«Hii kubwa! Tulikuja na hii kubwa, mi nakumbuka!»

Wengine wakasema ndiyo, ndiyo, ile kubwa. Nikatafuta. Majani kila upande, miti kila upande. Nikashuka chini kidogo, nikainua kichwa na ile kamba inavuta, na pale juu ya nyembamba nikaona mti wenye ganda lililotoka, mweupe kama mfupa. Kile kidonda. Mti wa kwanza, ule niliogeukia nikiwa nimechoka.

«Ni hii ndogo,» nikasema.

«Shingo, una hakika? Batoto betu bako nyumbani!»

Nikamwambia Kahindo, na sijawahi kusema neno tamu kama lile maisha yangu yote: «Nyamaza, ufuate visigino vyangu.»

Mukaka alicheka, mwanangu. Na uso ule uliovimba, alicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye tulisikia kwamba njia ile pana ilikuwa inatoka moja kwa moja kwenye bariere. Sisi tulitokea kwenye mikaratusi ya juu ya Butembo siku ya pili, jua lingaliko, chumvi yetu mgongoni. Nilipofika kwa mama yangu sikutua hata mzigo vizuri. Nilikaa chini na kamba kichwani, nikampokea mtoto, akanyonya kama aliyekuwa na neno la kunilaumu. Mtoto yule ndiye mama wa Kavira.

Mukaka alipona macho. Safari iliyofuata alinikuta nimejipanga mwisho wa mstari, pale pale pangu. Akanishika bega, akanisukuma mpaka mbele, na yeye akaenda kukaa mwisho. Amekwisha kutuacha sasa, Mungu amlaze pema, lakini pale sokoni wanawake wa umri wangu wangali wananiita Shingo, na ninaitika.

Kavira alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia kama amekubali. Ni mtoto wa kiburi, na kiburi hicho najua kilikotoka. Lakini Jumamosi iliyofuata, jua lilipopanda, nilimwona amekaa mbele ya machine. Nikachukua mboga yangu, nikakaa nyuma.

Wenzake walikuwa wanamcheka tayari. Chuma aliandika kwamba amekuja na sanduku lake la kuzikiwa. Waliingia pangoni. Penye shimo la kwanza Kavira akasimama, akamgeuza yule mtu wake mdogo wa ndani ya mchezo, akaangalia nyuma.

«Bon, Kavira, unafanya nini? Twende!»

Akaandika: «Geukeni na nyinyi.»

«Mais, sababu gani?»

«Geukeni, ama mtafute mwingine.»

Wakageuka. Kila shimo, wakageuka. Mimi nilisahau mboga. Walifika chini, wakakusanya vitu vya Soso na vyao wenyewe, na wakaanza kupanda. Nilimsikia Kavira anasema peke yake kwa sauti ndogo: ukuta wenye ufa, hapa, moto wa bluu ukiwa mkono wa kulia, hapa, mfupa mkubwa unaofanana na kiti, hapa. Penye mashimo yaliyomuua mara ya kwanza, Chuma aliandika kushoto, kushoto, nina hakika. Kavira akapita kulia. Na ule mlango wa pango ukafunguka mbele yao, na nje yake mji, na watu wanatembea. Soso aliandika maneno mengi ya furaha ambayo nusu yake sikuyaelewa.

Mimi si mtu wa kusifu watoto ovyo. Nilimwambia tu aende kuteka maji. Lakini nilipobaki peke yangu nilisimama mbele ya ile machine kwa muda, nikiangalia lile pango alilotoka, na kifua changu kilikuwa kimejaa kama siku ile nilipoona kidonda cha mti.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayeshika simu inayokuambia pita huku, pita kule. Sikukatazi mshale. Mshale ungekuwepo wakati wetu ningeufuata na mimi, na maharagi yangu. Lakini ujue kwamba anayefuata mshale na anayefuata visigino wanafanana: siku mshale unazimika, hakuna hata mmoja anayejua yuko wapi. Unapoingia mahali pageni, shule, kazi, mji, nyumba ya ndoa, usiende kichwa chini hata kama mzigo ni mzito. Simama. Geuka mzima. Ona pale ulipotoka panafananaje kwa mtu anayerudi. Watakucheka. Waache wacheke, sababu siku ya kukimbia watakuita wewe. Na siku hiyo ikija, usiringe sana. Mpe aliyechoka kamba ya mzigo wako aishike, utembee naye pole pole.

Mungu akupe macho ya mbele na ya nyuma. Akupe mguu usioteleza na mzee wa kukushika kitenge wakati unaona uvivu. Kila unakokwenda ufike, na mlango uliotokea ukukute unarudi.

Na kama siku moja utaingia kwenye dunia ile ya Kavira na kutafuta jina lake, hutaliona. Amelibadilisha toka Jumamosi ile, hakuniuliza ruhusa. Siku hizi, humo ndani, anaitwa Shingo.