Rangi Iliyokaukia Hewani

Nakiri kwamba nilimdanganya Fundi Athumani, mwenye gereji pale Mbaraki, kuwa najua kupuliza rangi magari. Miaka ile ya tisini kazi nilikuwa naitaka kweli. Akaniachia mlango wa gari la Maalim Badi, aliyekuwa akienda kuposa Kibokoni jioni ile.

Rangi niliiona nzito, nikaongeza petroli. Kisha nikasimama mbali, shati langu lisichafuke, nikapuliza. Ukungu ule wa buluu ulinipendeza mwenyewe. Kumbe kwa joto lile petroli ilikauka njiani, na matone yakafika mlangoni yamekuwa vumbi.

Maalim alikuja na kanzu nyeupe, akauegemea mlango akinishukuru. Alipojitoa, mkono mzima wa kanzu ulikuwa buluu.

“Athumani,” akauliza taratibu, “hii ni rangi au ni poda?”

Fundi akanigeukia. “Mjibu, bingwa.”