Shimo Waliloliita Kisima

Sitaki kumwona tena kwenye televisheni mzungu mwenye kofia akipiga magoti vumbini na kusugua jiwe kwa brashi. Wenzangu wanaziita makala za historia. Mimi naziita umbeya uliovaa suti. Mtu anasimama mbele ya ngome huko Ulaya, anashusha sauti kama aliyeingia msibani, anasema huenda mfalme alizikwa hapa, huenda hazina imefichwa chini ya ziwa. Huenda! Saa nzima ni huenda, mwisho wanarudi kwao mikono mitupu, tena wameshiba. Kwetu mtu akija na huenda yake tunamwambia akahakikishe kwanza.

Niliishia darasa la nne, na wapo watakaosema sina elimu ya kuhukumu televisheni. Sawa. Lakini makala hizo zilimuua mdogo wangu na kunivunja nyonga, kwa hiyo nadhani mtihani huo nimefaulu.

Mkosaji wa kwanza ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Kila anayekaa upande wetu huu wa Shelui anamjua: ndiye mwenye banda la video, lile la bati, lenye viroba vilivyopigiliwa madirishani ili jua lisiingie. Zamani alikuwa utingo wa malori. Huko aliokota Kiingereza kama mtu anavyookota kuni, kijiti hapa, kijiti pale. Siku isiyo na mpira alikuwa anafungulia chaneli ya vita na mambo ya kale, anashika kipaza sauti, anatutafsiria.

Jumapili moja mchana walionyesha Wajerumani wa vita ya pili, namna walivyokimbia na kuficha dhahabu kwenye mahandaki. Televisheni ilisema ya kwake, binamu akasema ya kwake.

"Mjerumani huyu ndiye yule yule aliyekuwa hapa kwetu, ndugu zangu. Tabia yake ni moja. Akishindwa vita, anachimbia mali. Anaweka alama mtini, anakwenda zake, anajua mjukuu wake atarudi."

"Kwa hiyo hata hapa alichimbia?" mdogo wangu akauliza.

"Wewe, babu yenu alimbebea nini? Mchicha?"

Banda zima likacheka. Babu wa baba yetu alichukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani katika vita ya kwanza, hakurudi, na hakuna jiwe lenye jina lake popote. Kwenye makala nimeona makaburi meupe ya wazungu, mistari kwa mistari, kila mfu na jina lake. Wapagazi sijawaona hata dakika moja. Hawamtambui aliyebeba, lakini mzigo wake eti sisi tuufukue.

Mkosaji wa pili ni mwenyekiti wetu wa kitongoji. Yeye ndiye aliyeleta mti. Alikwenda porini kutafuta ng'ombe aliyepotea, akaona mninga umechongwa kwenye gome: mwezi mchanga, na chini yake mikato mitatu. Akaupiga picha kwa simu, akaileta bandani. Binamu akaitazama picha, akamtazama profesa wa kwenye televisheni aliyekuwa anaonyesha michoro ya kale ya Misri kwenye jiwe.

"Mwezi maana yake chimba upande wa magharibi," akasema. "Mikato ni masanduku matatu."

Basi, ndiyo ikawa elimu yote. Wanaume wanne wenye wake na mashamba ya alizeti, hao wawili, mdogo wangu na mimi, tukakubaliana kwa vichwa.

Wa tatu ni mimi, siwezi kujiruka. Nilikuwa kaka mkubwa. Neno langu moja lingemrudisha mdogo wangu shambani. Nilinyamaza kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshajenga nyumba na kuiezeka.

Tulichimba kiangazi kile, magharibi ya mninga ule, na kila aliyeuliza tulimwambia tunachimba kisima. Uongo huo aliutunga mwenyekiti, na ulikaa vizuri. Nani Singida atashangaa watu kutafuta maji? Mke wa mdogo wangu alikuwa anatuletea togwa. Mwenyekiti akamsimamisha njia panda, akamwambia mwanamke akisogelea kisima kipya maji yanakimbia.

"Mila ya kabila gani hiyo, mwenyekiti?"

"Ya wachimbaji."

Akatua kibuyu, akarudi nyumbani.

Shimo lilifika kina cha watu watatu waliopandiana mabegani. Udongo ni kichanga, nasi hatukuweka hata gogo moja la kuuzuia. Wazungu wa kwenye makala wana nguzo, kofia ngumu, ngazi za chuma. Hayo binamu hakututafsiria, maana hayakuwa na maneno.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya kwanza, ukuta ukashuka. Mdogo wangu alikuwa chini kabisa, mimi nilikuwa ngazini juu yake. Nilifukiwa mpaka kifuani. Nilimsikia akiniita "kaka" mara mbili. Ya tatu sikuisikia.

Msibani mwenyekiti alisimama akasema marehemu amekufa akiwatafutia wenzake maji. Nimeambiwa watu walilia, na binamu alilia kuwashinda wote kwa sauti yake ile ile ya kutafsiria. Mimi nilikuwa hospitali. Niliporudi na gongo langu, uongo ulikuwa umeshaota mizizi. Mwaka uliofuata mwenyekiti akatangaza kwamba kisima cha marehemu kitamaliziwa, kiandikwe jina lake, na mjane ateke ndoo ya kwanza.

Shemeji alikubali. Alinunua kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo. Kitenge kile ndicho kilichonishinda. Kunyamaza niliweza, lakini kumwona akijivunia shimo la wapumbavu sikuweza.

Nilimkuta uani akipepeta uwele.

"Shemeji, pale hapakuwa kisima."

Hakuacha kupepeta. "Palikuwa nini?"

Nikamwambia yote: banda, Mjerumani, mninga, masanduku.

"Alama gani hiyo?"

Nikaichora mchangani kwa ncha ya gongo. Akaweka ungo chini.

"Hii ni ya baba."

"Baba yupi?"

"Baba yangu mimi, shemeji! Kwetu mtu akitundika mizinga ya nyuki anachonga mti, ili mwingine asirine asali isiyo yake. Mwezi ni wa ukoo. Mikato ni hesabu ya mizinga. Mitatu. Kamba nilikuwa namshikia mimi, nikiwa msichana, kabla mizinga haijaoza."

 Televisheni ilitupeleka hadi Misri kutafuta maana ya michoro, na aliyejua alikuwa anatupikia.

"Nililala naye kitanda kimoja," akasema. "Kuniuliza tu kulimshinda? Nimesimama njia panda na togwa mkononi, mti wa baba uko pale mbele, naambiwa maji yatakimbia."

Siku ya mkutano wa kitongoji alivaa gauni lake la shamba. Mwenyekiti alipofikia ajenda ya kisima, shemeji akasimama.

"Sitateka ndoo yoyote. Mume wangu hakufa akitafuta maji."

"Kaa, dada yangu. Una uchungu."

"Uchungu ninao, na wewe unajua ulimpeleka kufuata nini." Akanigeukia. "Shemeji, sema."

Nikasema. Nilisimulia ya dhahabu na ya mizinga ya nyuki; nilianza na jina langu, nikafuatia la binamu, nikamalizia na la mwenyekiti, mbele ya wake zao na watoto wao. Binamu alikuwa ameshaponyoka kwa nyuma, kaenda zake. Mwenyekiti akafunga daftari lake, akasema kwamba kuanguka kule shimoni kulinivuruga akili.

Nilingoja mtu mmoja amkemee.  Kisha jirani yetu mmoja, mtu mzima, mcha Mungu, akanyoosha mkono.

"Samahani, ndugu. Hiyo dhahabu, mlichimba mpaka chini kabisa, au mliishia njiani?"

Na watu wakanitazama wakingoja jibu.

Shemeji akanishika mkono wenye gongo, akaushika kwa nguvu, tukaondoka. Kesho yake alichukua jembe nami nikachukua beleshi. Yeye alisimama, mimi nilikaa chini kwa sababu ya nyonga, tukaanza kulifukia shimo, wawili tu.