Urithi wa Kujikuna

Mwanangu alianza kujikuna kabla hajajua kukaa. Yalianza mashavu, mekundu na yenye majimaji, kisha mikunjo ya viwiko, kisha nyuma ya magoti. Alipofika umri wa kukimbia, ngozi ya sehemu hizo ilikuwa nene na kavu kama ya mguu wa kuku, na asubuhi shuka lake lilikuwa na madoa ya damu.

Nilimpeleka hospitali pamoja na baba yake. Daktari alisema ni pumu ya ngozi. Haiambukizi, mara nyingi mtu huirithi, halafu vumbi, moshi, jasho na sabuni kali vinaichochea. Akauliza nani katika familia ana pumu au ngozi inayowasha. Upande wetu sikumjua yeyote. Mume wangu akajibu haraka, "Kwetu hakuna," kama mtu aliyeulizwa kama kwao kuna mwizi.

Jibu hilo ndilo lililoniletea balaa. Kama kwao hakuna na kwetu hakuna, mtoto kaupata wapi ugonjwa huu? Mama mkwe alikuwa na jibu lake. Alisema nimembemenda mtoto, yaani nilitoka nje ya ndoa wakati bado ananyonya, nikarudi na uchafu wangu kwenye ziwa. Hakuniambia mimi. Alimwambia wifi yangu, wifi akawaambia majirani wa mtaani kwetu Ipuli, Tabora mjini, na majirani wakaniambia kwa macho. Mwanamke mwenye chekechea ya mtaani akaomba mtoto akae kwanza nyumbani "mpaka akauke", kwa sababu wazazi wengine wanaogopa.

"Wifi, mtoto hababuki bure," wifi yangu aliniambia siku moja tukichambua mchele. "Ungesema tu, mtoto atibiwe."

"Niseme nini?"

"Unakijua wewe na huyo mwenzako."

Niliupindua ungo, mchele wote ukaenda chini, na sikuuokota.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama mkwe alimwogesha kwa mwarobaini na chumvi, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Kiangazi, vumbi la Tabora linapoingia mpaka kwenye sahani, hali ilizidi, nao wakasema dhambi yangu inakomaa. Mume wangu hakusema ndiyo wala hapana. Mimi nikaichukua kuwa ndiyo. Mwisho kikapangwa kikao cha ukoo. Nisipokiri, ningerudishwa kwetu Nzega, na mtoto angebaki kwa bibi yake apelekwe kwa mganga.

Kabla ya kikao hicho, babu yake mume wangu akafariki. Huyu alikuwa baba mzazi wa mama mkwe, mkulima wa tumbaku kijijini, upande wa Isikizya. Nilikuwa nimemwona mara chache tu, kavaa koti na joto lote lile. Tukaenda msibani.

Tulimzika, na kesho yake watani wakaja. Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Familia moja ya Kizaramo iliyohamia mtaa wa Ng'ambo, Tabora, zamani hizo ndiyo watani wa ukoo wa marehemu. Msibani mtani anaruhusiwa kumwiga marehemu, na hakuna wa kumkasirikia.

Mama mmoja mnene wa Kizaramo akatoka chumbani kavaa koti la marehemu na kofia yake, bakora mkononi. Akakohoa kikohozi kile kile cha mzee. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, marahaba. Ngojeni kwanza nijikune."

Watu wakaangua kicheko. Akaegemea mwimo wa mlango akajisugua mgongo, juu chini, kama ng'ombe kwenye mti. Akaketi, akapitisha kichwa cha bakora nyuma ya goti, akakuna kafumba macho kwa utamu. Kisha akakuna ndani ya kiwiko.

"Wanangu, sanda mmeikaza hivi, sasa huko nitajikuna na nini?" akasema kwa sauti ya babu. "Haya, mgawane mali. Ng'ombe mgawane, shamba mgawane, na hii mikuno mgawane vilevile, asipunjwe mtu."

Mama mkwe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Ndiye baba huyo," akasema. "Mwimo wa chumba chake umelainika kwa mgongo wake."

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama zile sehemu. Nyuma ya goti. Ndani ya kiwiko. Mwanangu alikuwa mapajani kwangu, kaachama mdomo akimwangalia yule mama, na huku anajikuna palepale.

Mtani akamwona. Akamnyooshea bakora. "Tazameni huyu, keshachukua fungu lake. Hakungoja hata arobaini."

Kicheko kikakatika. Wifi yangu akawahi, "Ya babu ilikuwa utomvu wa tumbaku. Ndio uliomharibia ngozi."

"Alikuwa hivyo tangu mtoto," mama mkwe akasema polepole. "Kabla hajaijua tumbaku."

Nikamgeukia. "Mama, na babu alibemendwa na nani?"

Wifi akaziba mdomo kwa kanga. Mtani akapiga makofi, akasema amempenda mkamwana huyu, yuko tayari kumtorosha. Mama mkwe akajifuta machozi.

"Bibi yangu aliachwa kwa hilo," akasema. "Walisema kambemenda baba. Akarudishwa kwao, baba akalelewa na mama wa kambo."

"Na ulikuwa unalijua?"

"La bibi nililijua. Sikuliunganisha na hili."

Kikao hakikufanyika. Hakuna aliyetangaza kukifuta, kilijifia tu. Kabla hatujaondoka mama mkwe alinifuata jikoni akataka nimwonyeshe mafuta ya mgando ya hospitali yanavyopakwa. Nikamwonyesha: mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado mbichi, mengi, bila kusugua. "Tulia, mke mwenzangu," akamwambia mjukuu wake. "Ndiyo ngozi yetu hiyo." Mume wangu aliniomba radhi njiani. Nikamwambia hasira yangu bado mbichi, asubiri. Kisha nikalala usingizi mpaka tunaingia mjini, mdomo wazi, mbele za watu.

Mtoto hajapona. Jiko la mkaa nimelihamishia nje, sabuni za manukato nimezifukuza, lakini vumbi siwezi kulifukuza, na damu ya kurithi ndiyo hiyo. Kuna wiki nzuri na wiki mbaya.

Mama mkwe hajaniomba radhi. Akija Ipuli hukaa barazani akawaambia wapita njia, bila kuulizwa, kwamba ngozi hii ni ya kwao, imetoka kwa baba yake, tena anaisifia kama ng'ombe wa ukoo. Inaniudhi. Lakini sina haraka ya kumnyamazisha. Kila akisema, mtaani kuna jicho moja linaloacha kunitazama.